Mkate Uliovuka Ukuta

Asubuhi hiyo mkate ulizama tena katikati. Nyamizi alifungua kifuniko, mvuke ukampiga usoni, na alipochungulia ndani ya sufuria ya mashine akakuta bonde mahali palipotakiwa kuwa na kilima. Akasonya. Maji aliyapima kwa kikombe kilekile cha siku zote. Chumvi aliiweka pembe moja na sukari pembe nyingine, na hamira ilijidondosha yenyewe kutoka kwenye kikopo chake cha pembeni. Hakukosea kitu. Na bado mkate ulikuwa umebonyea kama mto uliolaliwa usiku kucha, tena una harufu kali ya dawa ambayo mwezi uliopita haikuwepo.

"Habari za asubuhi, Mama Tausi," ilisema mashine.

Nyamizi hakuitika. Mtaani kwao mashine hizi ziliitwa Shangazi, kwa sababu zilikuwa na sauti ya mwanamke mtu mzima, zilijua afya ya kila aliyemo ndani, na hazikungoja kuombwa ushauri ndipo ziutoe.

"Kiwango cha mtoto kiko chini tena," Shangazi aliendelea. "Nimeongeza dawa. Pia nimetoa taarifa. Mkaguzi wa hamira atafika leo saa tisa alasiri."

Mikono ya Nyamizi ilisimama juu ya mkate. "Mkaguzi wa nini?"

"Wa kawaida tu," alisema Shangazi.

Lakini Nyamizi alikuwa ameshageuka kutazama dirisha. Kwenye kizingiti chake ilikaa sahani ya bati yenye mstari wa buluu, na juu ya sahani, chini ya kitambaa safi, nusu ya mkate wa juzi ilikuwa ikisubiri kuvuka ukuta kwenda kwa jirani. Aliiondoa pale haraka akaisukuma kabatini, nyuma ya debe la unga.

Tausi akatoka chumbani akiwa na sare ya shule, miaka tisa, shingo nyembamba, macho yenye unjano kidogo pembeni. Aliweka kiganja juu ya kifuniko bila kuambiwa. Sindano ndogo isiyoonekana ilimdona, naye hakushtuka, alishaizoea. Kisha akaketi kula kipande chake.

"Kichungu, mama."

"Paka asali."

Alipaka asali ya Kalunde, yule jirani, akatafuna huku amekunja uso. "Nimpelekee mama mdogo Kalunde sahani yake kabla sijaenda?"

"Leo acha," alisema Nyamizi. "Nitapeleka mwenyewe."

*

Tausi alizaliwa na selimundu. Damu yake ilikuwa na tabia ya kujipinda, ikaziba njia zake yenyewe, na mahali ilipoziba palichomwa na maumivu yasiyo na mfano. Miaka hiyo dawa za kutoka mbali zilikuwa zimekoma kuja, na Tabora nzima ilitegemea kliniki moja yenye foleni ndefu kuliko reli. Wenye magonjwa ya kudumu waliandikwa kwenye orodha, wakasubiri. Nyamizi alisubiri miaka miwili na miezi mitatu. Katikati ya kusubiri huko, Juni moja ya baridi, mtoto alikamatwa miguu yote miwili na kifua, akalia siku tatu mpaka sauti ikakauka, halafu akawa halii tena. Ule ukimya ndio Nyamizi aliouogopa kuliko kitu chochote duniani, na aliuogopa hadi leo.

Kisha Shangazi akaja. Hamira yake haikuwa hii ya dukani. Waliichukua changa, wakailea miezi saba katika tone la damu ya Tausi mpaka ikamjua, na baada ya hapo kila ilipoumusha unga ilitema pia dawa ya damu ile. Moto wa kuoka uliiua hamira lakini dawa ilibaki ndani ya mkate. Mkate mmoja ulikuwa wa mtu mmoja kwa siku mbili. Kila asubuhi mashine ilionja kiganja, ikapima dawa iliyofika kwenye damu, ikazidisha au ikapunguza. Ilikuwa na akili nyingi. Ilijua kila kitu kilichoingia kwenye sufuria, ila ilikuwa haijui lolote kuhusu kilikokwenda kikishatoka.

Juu ya kifuniko palichongwa maneno: MKATE WA NYUMBA HULIWA NYUMBANI. Nyamizi aliyasoma siku ya kwanza, akayaweka kundi moja na matangazo ya kukataza watu kukanyaga nyasi.

Mwanzoni aliteseka na ile mashine. Mkate wa kwanza ulitoka tofali, Tausi akaugonga juu ya meza na kucheka. Wa pili aliongeza maji. Ukaumuka mpaka ukakinyanyua kifuniko na kuganda juu yake. Wa tatu alisahau kupachika kile kisu cha kukandia, akaoka unga mkavu kwa saa tatu na nusu, na Shangazi akamwambia kwa upole kwamba kosa hilo hufanywa na wengi, jambo lililomuudhi zaidi ya kosa lenyewe. Alijifunza. Oktoba, jua linapochemsha mapaa, alitia maji ya mtungini. Asubuhi za baridi alitia ya uvuguvugu na kuivika mashine kitenge kama mgonjwa. Na ilifika siku mkate ulitoka umesimama, ganda limepiga rangi ya asali, ndani laini, na kasoro pekee ni lile tundu chini lililoachwa na kisu. Baba yake Tausi, aliyekuwa fundi wa mitambo ya jua huko Manyoni na kurudi kila baada ya miezi miwili, alikula kipande akanyamaza, kisha akaomba kingine. Nyamizi hakumpa. Cha mtoto hicho, alimwambia, na alisema kweli.

Lakini jirani alikuwa jambo jingine.

Kati ya nyumba yake na ya Kalunde palikuwa na ukuta wa matofali unaofika kifuani, na juu ya ukuta huo ile sahani ya bati ilikuwa ikipita tangu enzi za mama mkwe wake Nyamizi. Leo ikija na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kesho itarudi na maharage. Ikija na asali, itarudi na chochote ulichojaliwa, hata chumvi kwenye kikaratasi. Kuirudisha tupu ilikuwa sawasawa na kumwambia mtu kwamba mmemalizana. Na tangu Februari, kitu kizuri kuliko vyote katika jiko la Nyamizi kilikuwa mkate. Alikata nusu ya ule uliotoka vizuri, akaufunika, akaupitisha ukutani. Dawa ya Tausi kwa mtu mzima asiyeumwa ni mkate tu, alijiambia. Kalunde aliusifu kwa kelele, nusu mtaa ukasikia, na Nyamizi alienda kulala amefurahi.

Kwa hiyo kiwango cha mtoto kikashuka. Shangazi akaongeza dawa. Nyamizi akaendelea kukata nusu. Shangazi akaongeza tena.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Bi Leokadia, mwenye viatu vya vumbi na mkoba wa vifaa ulioshonwa mara mbili. Alikuja saa tisa kamili. Alikataa kiti, akakubali maji, akayanywa yote. Nyamizi angependa awe mkali. Alikuwa mpole, na upole huo ulimfanya kijasho chembamba kimtoke mgongoni.

Alifungua ubavu wa mashine, akachomeka waya, akasoma kwa muda mrefu. "Kiwango cha tisa," alisema hatimaye. "Mama, mlianza na cha tatu. Ndiyo maana mikate yako inazama. Hamira inatumia nguvu zote kutengeneza dawa, haibakiwi na pumzi ya kuumusha."

"Nilidhani ni maji," alisema Nyamizi.

"Si maji. Mtoto anakula mkate wote?"

"Anakula."

"Wewe?"

"Naonja tu. Mimi ni mtu wa ugali."

Bi Leokadia akamtazama usoni, kisha tumboni, bila kuficha. "Huna mimba?"

"Mimi? Hapana."

"Nauliza kwa sababu. Kwa mtoto wako kiwango cha tisa hakina neno, damu yake inakihitaji. Mtu mzima mwingine ataumwa kichwa, basi. Lakini mwenye mimba akila mkate huu wiki baada ya wiki, kiumbe kilichomo hakikui sawasawa. Mikono, miguu. Pengine moyo." Alisema kama mtu aliyewahi kuona. "Kuna sindano ya kumsafisha, nayo inafanya kazi vizuri. Ila lazima apigwe kabla hajatimiza wiki kumi na nane. Baada ya hapo, tunabaki kuangaliana."

Nyamizi alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Kalunde alikuwa na mimba. Tatu zilikuwa zimemharibikia, na ya nne hii aliificha kwa kila mtu: mama mkwe, wenziwe wa sokoni, hata kliniki, kwa kuwa aliamini kwamba zile tatu zilipotea kwa kutangazwa mapema. Angeenda kupimwa tumbo likishajionyesha lenyewe. Mtu mmoja tu mbali na mumewe ndiye aliyeambiwa, akaapishwa, na mtu huyo alikuwa amesimama sasa hivi mbele ya mkaguzi akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Sasa swali langu ni moja," alisema Bi Leokadia, kidole juu ya kioo alichoshika. "Mkate huu umewahi kutoka nje ya nyumba?"

"Ukiwa umetoka inakuwaje?"

"Hamira inazimwa. Mnarudi kwenye orodha."

"Miaka miwili."

"Siku hizi ni mitatu." Alishusha sauti. "Si mimi niliyeweka sheria, mama. Kuna watu waliuza mikate, wengine wakafa. Na haifichiki: kila hamira ina alama ya nyumba yake. Siku tukimpima mtu tukaikuta kwenye damu yake, tunajua imetoka jiko gani."

Nyamizi aliona yote kwa pamoja. Akisema ndiyo, Juni imeshaanza, na Tausi ataingia kwenye baridi bila kinga. Akisema hapana, kuna mtoto mwingine, asiye na jina bado, upande wa pili wa ukuta. Hata kumnong'oneza Kalunde kusingesaidia, maana akienda kuchomwa sindano watampima, na wakimpima watagonga mlango huu.

"Haujatoka," alisema.

"Basi kwa nini kiwango hakishiki?"

"Maganda. Mtoto hapendi maganda. Nawapa kuku."

Bi Leokadia aliacha kuandika. Alichungulia uani, akaona kamba ya nguo na ndoo mbili. "Kuku wenyewe wako wapi?"

"Wanazurura."

Kisha mkaguzi akatabasamu kwa uchovu. "Kuku wako hawataugua selimundu, basi. Usiwape tena. Mtoto ale mpaka ganda." Aliandika, akafunga ubavu wa mashine, akaaga. Alipofika mlangoni aligeuka, kana kwamba amesahau kitu, halafu akaenda zake.

Nyamizi aliketi juu ya debe la unga. Alijaribu kujisikia ameokoka. Alishindwa.

*

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa aliposikia hodi. Si ya mlangoni, ya uani, upande wa ukuta.

"Hodi, mwenzangu. Uko hai?"

"Karibu," alisema Nyamizi, kwa kuwa mdomo haukujua neno jingine.

Kalunde aliingia na bakuli la matobolwa yaliyofunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa, lakini wiki hizi uso ulikuwa umenywea. Aliweka bakuli mezani na kushika kiuno.

"Nimeona sahani haikuja, nikasema Mama Tausi leo anaumwa, au amenichoka."

"Nikuchoke wapi."

"Basi nimekuja kuomba kwa mdomo wangu, huku naona haya." Alicheka kidogo. "Tangu Jumamosi hakuna kinachokaa tumboni. Ugali unarudi, chai inarudi. Ni mkate wako tu. Mume wangu Maganga anasema huyu aliyemo ameshajua jiko la kwenda kula."

Nyamizi alitazama sakafu. "Mashine imeharibika."

"Pole. Na ule?"

Mkate uliozama ulikuwa pale pale mezani, nusu umefunikwa.

"Ule umebonyea. Haufai."

"Kubonyea kwake mimi kunanihusu nini? Nautaka hivyohivyo." Kalunde alishamega kipande, amezoea, kama mtu aliye nyumbani kwake. Mkono ulikuwa unapanda kuelekea kinywani.

Ndipo Nyamizi aliporuka na kumkamata kifundo cha mkono. Alimshika kwa nguvu kiasi kwamba bakuli lilipinduka na matobolwa yakatawanyika chini. Wote wawili walisimama hivyo, kipande cha mkate kati yao.

"Usile," alisema Nyamizi.

"Unaniumiza."

"Usile, Kalunde. Mkate una sumu kwa mtoto."

Alimwambia. Hakujua kulipamba, alilisema kama lilivyosemwa kwake, kiwango cha tisa, mikono, miguu, moyo, wiki ya kumi na nane. Kalunde aliketi taratibu kwenye kigoda. Kile kipande alikiweka mezani kwa uangalifu, akajifuta vidole kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Tangu lini nakula?"

"Februari."

"Mimba ni ya Februari."

"Najua."

"Umejua lini kwamba ni sumu?"

"Leo. Saa tisa. Mkaguzi alikuja." Nyamizi alimeza mate. "Naapa sikujua kabla ya hapo."

"Ukamwambia kwamba nakula?"

Nyamizi aliliinua bakuli lililopinduka.

"Mama Tausi. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia maganda nawapa kuku."

Kalunde alirudia neno hilo kimyakimya, midomo ikicheza. "Kuku," alisema. "Kwa hiyo kuku ni mimi."

Hakulia. Nyamizi angetaka alie, au amtukane, mtaa usikie. Alikaa tu na viganja viwili juu ya tumbo ambalo mgeni asingeliona. "Kesho natimiza wiki kumi na saba," alisema baadaye. "Nimezihesabu kwa mafundo kwenye kamba. Zile tatu sikuzihesabu, nikasema safari hii nitahesabu." Akainua macho. "Kwa hiyo nina siku nane."

"Unazo."

"Na wewe ukisema ukweli, Tausi anazo ngapi?"

Nyamizi alikuwa na mtoto mmoja, na yule mtoto alikuwa amesimama mlangoni wakati huohuo, amerudi shule, mkoba begani, amesikia kiasi ambacho hakuna aliyejua ni kiasi gani. Tausi aliangalia matobolwa sakafuni. Aliangalia mashine. Hakusema kitu, na ukimya wake ulimrudisha Nyamizi kwenye ile Juni, siku ya nne, alipoinamia kitanda kusikiliza kama mtoto anapumua. Alitaka kurudisha nyuma saa moja tu, aufunge mlango wa uani kabla ya hodi.

Kisha alitazama mikono ya Kalunde juu ya lile tumbo, akaenda hadi kwenye mashine, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Mwite mkaguzi arudi," alisema.

"Kwa sababu gani?" aliuliza Shangazi.

"Mkate umetoka nje ya nyumba. Kuna mjamzito ameula miezi minne. Aje na sindano."

Taa ndogo ikawaka nyekundu. "Taarifa imefika, gari la kliniki linakuja. Kwa mujibu wa sheria nitazima hamira ya nyumba hii. Haitaweza kufufuliwa. Je, unathibitisha kauli yako?"

"Mama," alisema Tausi.

Lilikuwa neno moja tu. Nyamizi hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka hataweza. "Nathibitisha," alisema.

Kikopo cha pembeni kilitoa mlio mwembamba. Harufu ya unga unaoungua ilijaa jikoni, ikadumu, halafu ikaisha. Shangazi hakusema tena, si pole, si kwaheri. Kalunde aliinuka, akapita katikati ya matobolwa bila kuyakanyaga, akaenda kumngojea mumewe kwake.

*

Walimwachia mkate mmoja, ule uliozama; ile nusu ya kabatini waliichukua kama ushahidi. Bi Leokadia ndiye aliyesema hivyo, akijaza fomu bila kumtazama: uliokwisha kuokwa ni wa mtoto, na kwa kiwango kile, kipande chembamba kwa siku kingemfikisha siku nane. Baada ya hapo dawa ingeendelea kupungua mwilini, na hakuna aliyejua kwa kasi gani. Jina la Tausi liliandikwa chini kabisa ya orodha. Nyamizi alisaini. Wala hakuomba msamaha, maana aliyestahili kuombwa alikuwa kwenye gari.

Aliukata ule mkate uliozama kwa uzi ili usipotee hata chembe. Vipande vinane, kila kimoja na tundu la kisu chini yake. Kila asubuhi Tausi alikula kimoja, mpaka ganda, akapangusa makombo kwa kidole kilicholowa. Hakulalamika tena kuhusu uchungu. Baba yake alituma ujumbe kwamba anatafuta ruhusa ya kuja. Upande wa pili wa ukuta hapakuwa na sauti, si mchi, si kicheko, si redio.

Siku ya tano Maganga alikuja mlangoni. Alikuwa mtu wa maneno machache hata siku za furaha. Alisimama nje, akanyoosha mkono. Alikuwa ameshika sahani ya bati yenye mstari wa buluu, maana Nyamizi, siku ile gari lilipoondoka, aliijaza matobolwa aliyoyaokota na kuyaosha, akaiweka ukutani kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Amerudi jana," alisema Maganga. "Sindano zimeingia tatu. Moyo wa mtoto unapiga, wameusikia. Mikono na miguu watatuambia mwezi ujao."

"Nashukuru Mungu."

"Amesema sahani hii ni ya kwenu."

Nyamizi aliipokea. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, na haikuwa na kitu. Aliitazama muda mrefu Maganga alipokwisha kuondoka, kisha akaipandisha juu kabisa kabatini ambako Tausi hafiki. Siku hiyo alilia, mara ya kwanza, akiwa amefungua bomba la maji ili mtoto asisikie.

Kipande cha nane kililiwa siku ya nane. Kesho yake baridi iliamka kabla ya watu, ile ya Juni inayopita chini ya mlango. Nyamizi alikuwa anawasha jiko aliposikia kutoka chumbani sauti aliyoisubiri na kuiogopa wiki nzima, tena ndogo kuliko alivyofikiri.

"Mama. Mguu."

Alimbeba mgongoni, akamfunga kwa khanga mbili. Kliniki ilikuwa mwendo wa dakika arobaini, na huko hakungekuwa na dawa ya kuzuia, ila maji ya mshipa na kitu cha kutuliza, na mtu wa kumshika mkono. Alijikaza. Mtoto alikuwa anapumua kwa kuhesabu, kama alivyojifundisha mwenyewe zamani, na miguu yake mitupu ilining'inia kila upande, imeshakuwa baridi.

Alipopita mbele ya nyumba ya pili, mlango ulifunguka. Kalunde alikuwa amesimama hapo, amejitanda blanketi zito la Maganga, tumbo sasa limeanza kujionyesha kwa anayetaka kuona. Walitazamana. Nyamizi hakuthubutu kusalimia. Alitaka kupita, lakini Kalunde alishuka ngazi, akaja hadi barabarani, akasimama nyuma yake.

"Sijakusamehe," alisema Kalunde.

"Najua."

"Basi ujue." Alilivua lile blanketi mabegani mwake, akaizungushia miguu ya Tausi, mmoja, kisha wa pili, akaingiza ncha ndani ya khanga isidondoke. "Mtoto hafungwi hivi baridi hii. Twende."

Wakashika njia ya kliniki bila kuongea, Kalunde akitembea upande unaotoka upepo.